Ndoo Mbili Zisizo na Majina

Andikeni kwa penseli. Hilo ndilo la kwanza, na mkiacha kusoma hapa mtakuwa mmepata nusu ya yale niliyojifunza kwa miaka tisa. Wino hutoka jasho ndani ya friji, na asubuhi jina la mtu limekuwa doa la buluu. Penseli hubaki. Andikeni kwenye ubavu wa ndoo, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko huhama ndoo bila kumuuliza mtu. Na plasta ya jina ikishabandikwa, hata ikikaa kombo, hata herufi zikiwa zimepanda na kushuka, iacheni. Msiibandue. Sababu nitaieleza, ila mnivumilie, maana si jambo ninaloweza kulifikia haraka.

Najua mtajiuliza ni mstaafu gani huyu mwenye umri wa miaka thelathini na nne. Hata majirani zangu hapa Makupa huniuliza kwa utani kama pensheni imeingia. Haijaingia wala haitaingia. Nimeacha kazi, basi, na sitairudia, na ile meza niliyoifuta kila siku sasa mnaifuta nyinyi. Daktari anayeongoza utafiti aliniomba niwaandikie maelekezo. Niliandika kurasa nne, nikazirudia mara saba, nikazichapa. Zimo kwenye faili la kijani. Haya ni yale ambayo hayakuingia kwenye faili. Majina ya watu nimeyabadili, isipokuwa langu.

Kwa wale ambao ndio kwanza mnaingia chumbani: mama akijifungua kwa upasuaji uliopangwa, na akiridhia, sisi hupokea kondo lake la nyuma. Kwenye kondo kuna utando, ule mfuko mwembamba ambao mtoto alikuwa amelala ndani yake. Huo ndio tunaoutaka. Tunauosha kwa maji ya chumvi, tunauambua kutoka kwenye utando mzito ulioko nyuma yake, tunautandaza juu ya wavu, tunaukausha, tunaukata vipande, tunautia kwenye pakiti mbili, moja ndani ya nyingine, kisha unasafirishwa kwenda kupigwa mionzi ili kila kijidudu kife. Ukirudi, unalazwa juu ya jeraha la moto. Hauhitaji kubanduliwa kila siku kama bandeji, na hapo ndipo mgonjwa anapopona kilio cha kila asubuhi. Ngozi mpya ikiota chini yake, utando wenyewe hukauka na kuanguka kidogo kidogo. Kazi ya daktari ilikuwa kutafiti ni majeraha gani unayasaidia, na kwa kiasi gani. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kuna utando wa kutafitia.

Siku ya kwanza mtauchana. Wote huuchana. Ni mwepesi kiasi kwamba ukiupulizia pumzi unajikunja, na ukishajikunja huwezi tena kujua upande upi ni upi, na upande una maana. Kateni pembe ya juu kulia kabla ya kuukausha, na upande unaoionyesha pembe iliyokatwa ikiwa kulia ndio wa juu. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nililigundua baada ya kuharibu trei tatu.

Mimi sikusomea kazi hii. Niliajiriwa kuosha vyombo vya maabara, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na woga mwingi. Nilinunua vitabu vya mitumba barabarani, vingine havina jalada, nikavinakili kwa mkono kwenye daftari. Neno nisilolijua nililizungushia duara, na kuna kurasa zilikuwa duara tupu. Ili kuzoeza vidole nilitumia mayai. Ukivunja yai taratibu, ndani ya ganda kuna ngozi nyeupe, nyembamba. Nilikaa jikoni nikiiambua kwa kibanio, ganda baada ya ganda, na nyumba nzima ikala mayai kwa wiki mbili, mpaka mamangu akasema nikileta trei nyingine atanifukuza mimi na kuku wangu nisiowafuga. Bi Zuhura alipopata habari hiyo alianza kuniita Daktari wa Mayai, na jina likanikaa.

Bi Zuhura alikuwa mkunga mstaafu, mtu wa Mji wa Kale, aliyerudishwa kazini ili azungumze na akina mama kwa niaba ya utafiti. Alikuwa mnene, mcheshi, na alipokukemea alishusha sauti badala ya kuipandisha. Mara ya kwanza maboksi yaliporudi kutoka kwenye mionzi, mfagizi wetu alikataa kuyagusa. Alisema ana watoto wadogo, hataki kwenda nyumbani akiwaka. Daktari alianza kumchorea mambo ubaoni. Bi Zuhura alilivuta boksi moja, akalikalia.

"Jua likikupiga mchana," akamwambia mfagizi, "jioni unamulika?"

"La."

"Basi niletee na jingine hilo niwekee miguu."

Hilo nalo liwekeni akilini, maana mtaulizwa: mionzi hupita, haibaki ndani ya pakiti. Kuna kidoa kwenye boksi kinachotoka manjano kikawa chekundu mionzi ikishapita. Kikiwa chekundu, pokeeni. Kikiwa na manjano hata kidogo, rudisheni, na msione haya. Mimi niliwahi kurudisha boksi zima kwa sababu wekundu wake haukufanana na wekundu wa boksi la mwezi uliotangulia. Lilirudi na ujumbe kwamba chekundu ni chekundu, nami nikaona aibu wiki nzima. Nilikuwa mtu wa namna hiyo. Nikitoka jioni hurudi kutoka getini kuangalia kama friji imefungwa. Mara ya tatu mlinzi hunipungia mkono na kuniambia friji imeniulizia.

Lakini kitu kikubwa alichonifundisha Bi Zuhura ni namna ya kuomba. Alikaa chini kuliko mama, kwenye kigoda, ili mama amtazame akiinamisha macho. Hakuomba kabla hajauliza hali ya mguu, mgongo na mkwe. Kisha akauliza, "Kwenu kondo huzikwa wapi?" Hakuuliza kama huzikwa. Nyumba nyingi za huku kondo la nyuma halitupwi. Huoshwa, hufungwa kwenye kitambaa, likazikwa uani, na kazi hiyo ni ya wanawake. Hata kwetu bara kidogo, kwa watu wa mama yangu, ni hivyo hivyo. Kwa hiyo Bi Zuhura aliwaahidi kwamba tutachukua utando tu, na kilichobaki watarudishiwa kesho yake, kwenye ndoo ndogo nyeupe yenye kifuniko, na jina la mama ubavuni.

"Tukisema kesho, iwe kesho," aliniambia. "Hiki si chetu, mwanangu. Tumeazima."

Kwa miaka sita ilikuwa kesho kila mara.

Sasa niwaambie ya Mwanaisha.

Alikuwa wa Majengo, mtoto wake wa kwanza, na alitia sahihi akiwa na shingo imenyooka kama mwanafunzi anayejibu swali alilolisoma vizuri. Asubuhi hiyo kulikuwa na upasuaji mwingine kabla yake, wa mke wa mfanyakazi mmoja wa bandarini, watu wa bara, na huyo alisema hana haja ya kurudishiwa chochote, hospitali ifanye inavyofanya. Nikaambua tando zote mbili, nikazipa namba zake, nikaziweka kando. Hizo hazikuwa na tatizo. Kilichobaki nikakitia kwenye ndoo mbili, nikabandika plasta mbili, nikaandika majina.

Plasta moja ilikaa kombo. Nikaibandua ili niibandike upya. Halafu nikaona na ile nyingine herufi zake si nzuri, na nikifanya moja vizuri nyingine itaonekana mbaya. Nikaibandua nayo. Nikanyoosha mkono kuchukua mkasi nikate plasta mpya, na simu ya chumba cha upasuaji ikalia. Kulikuwa na kondo la tatu linatoka, na hilo halisubiri. Nikaenda. Sikukaa hata nusu saa.

Niliporudi, meza ilikuwa imefutwa inang'aa. Mfagizi alikuwa amefanya kazi yake kama nilivyomzoeza mimi mwenyewe, maana nilikuwa nikimsumbua sana kuhusu meza ile. Ndoo zilikuwa ndani ya friji, bega kwa bega, nyeupe, vifuniko vimebana. Nilimuuliza ile ya kushoto mezani aliiweka wapi. Akasema, kwani zina kushoto?

Nilizifungua. Nilitazama mpaka macho yakaniuma. Sikuweza kujua.

Kulikuwa na njia. Damu ya kwenye kondo huweza kupimwa, na huenda makundi yangetofautiana, na daktari angefanya hivyo siku ile ile bila kelele. Lakini ningelazimika kumwambia kwa nini ndoo hazina majina. Ningelazimika kusema: nilibandua plasta kwa sababu haikuwa imenyooka. Nilisimama mlangoni kwake mara mbili. Mara ya pili alinyanyua kichwa akaniuliza kama nina neno, nikamwambia nimekuja kuangalia saa.

Kesho yake mume wa Mwanaisha alikuja kuchukua ndoo. Nikamwambia vipimo havijakamilika. Hakubishana. Mtoto wao alikuwa hapumui vizuri, amewekwa kwenye chumba cha joto, na mwanamume yule alikuwa anazunguka na mfuko wa nepi ambazo hazijafunguliwa. Alisema, "Haya dada, hakuna neno," akaenda zake.

Siku ya tatu mtoto alifariki. Alikuwa wa kiume. Alizikwa siku hiyo hiyo, na waliokwenda kumzika ni wanaume, kama ilivyo desturi. Mwanaisha alikuwa kitandani na mshono. Hakuona kaburi.

Siku ya nne niliziweka ndoo zote mbili kwenye kigari cha taka za wodi, zikapelekwa kwenye tanuri. Nilijiambia kwamba afadhali nisimpe kitu kuliko kumpa cha mwingine. Mpaka leo sijui kama hilo lilikuwa wazo au kisingizio. Kwenye rejista niliandika kwamba zimeteketezwa kwa mujibu wa utaratibu, na mkitaka kuona mwandiko mzuri, fungueni ukurasa ule.

Vile vipande vya utando vilikwenda, vikarudi na kidoa chekundu. Vilitumika kwa mama mmoja muuza mahamri aliyemwagikiwa na mafuta kuanzia kiwiko mpaka kwenye vidole. Nilikuwa namwona wodini akijipepea kwa mkono mzima, akiwauliza wauguzi wanaonunua mahamri kwingine wanajisikiaje. Mkono wake ulipona vizuri. Utafiti ulikuwa unafanya kazi, nataka mlijue hilo pia. Sikuwa nikifanya kazi ya bure.

Mwanaisha alikuja baada ya arobaini yake, siku ya kwanza kutoka nyumbani. Alibisha hodi, akanisalimu kwa heshima, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki kilichovunjika mkono. Alikuwa amevaa buibui jipya lililomzidi.

"Nimekuja kuchukua amana yangu," alisema.

Nikamuuliza amana gani, nami najua.

"Kondo, dada. Baba Swaleh aliambiwa vipimo, halafu mambo yakawa mambo." Alimwita mumewe kwa jina la mtoto. "Mtoto walimzika wao. Mimi hata udongo sikushika. Hili ni langu mimi kulizika. Ndilo lililobaki."

Hapo ndipo ningeweza kusema. Nimepitia dakika ile mara nyingi kuliko nilivyorudia kurasa za faili la kijani. Alikuwa amekaa, maji ya kunywa yapo, mlango umefungwa, hakuna mtu mwingine. Nafasi ya kusema ukweli haijawahi kuandaliwa vizuri zaidi. Nikamwambia lilikwisha zikwa.

"Na nani?"

"Na sisi. Wanawake wa hapa."

"Lilioshwa?"

"Lilioshwa."

"Mlilifunga kwa nini?"

"Kitambaa cheupe," nikasema. "Kipya."

Akafunika uso kwa ncha ya mtandio, mabega yakashuka. Nilidhani nimemsaidia. Akauliza wapi. Nikamwambia nyuma ya chumba cha dobi, kando ya ukuta, kuna udongo laini. Akaomba nimwonyeshe. Nikatembea mbele yake nikiwa sijui nitasimama wapi, na nikasimama mahali pazuri, penye kivuli, ambapo hakuna mtu anayepita na ndoo za maji machafu. Hata uongo niliupangia mahali pake vizuri.

Alichutama. Akasoma Fatiha, akaweka kiganja kwenye udongo. Nami nimesimama nyuma yake na koti langu jeupe.

Akawa anakuja kila Alhamisi baada ya alasiri. Hakukaa sana. Wiki ya pili alileta tawi la mrehani, akalichomeka, na likashika. Siku asizokuja nilikuwa nikiumwagilia mimi, kwa maji yaliyochujwa ya maabara, kwa sababu niliogopa maji ya bomba yana chumvi. Wauguzi walianza kumjua, wakawa wanampitisha njia fupi. Nilijiambia nitamwambia akipata nguvu kidogo. Alipopata nguvu, nikajiambia siwezi kumwondolea nguvu aliyokwisha ipata.

Nilimwambia Bi Zuhura mwezi wa tatu tangu ziteketezwe ndoo. Nilimwambia yote, kuanzia plasta. Alikuwa anamenya chungwa, akaacha. Nilingoja anigombeze, ningefurahi kama angenigombeza.

"Umemfanya mtu asome Fatiha juu ya mchanga mtupu," alisema, kwa sauti ya chini kabisa.

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema yeye hatamwambia Mwanaisha, kwa kuwa si yeye aliyezichoma ndoo, na kwamba nisimuulize tena nifanye nini, maana najua. Siku ile hakuniita Daktari wa Mayai. Hakuniita hivyo tena.

Na bado sikusema. Nawaandikia haya nyinyi kwa sababu najua baadhi yenu mko kama mimi. Mnafuta herufi moja na kuiandika upya. Watu hutusifu kwa hilo, nasi huamini kwamba mtu anayehangaika hivyo na plasta hawezi kufanya jambo baya. Mimi sikuogopa kukosea. Niliogopa kuonekana nimekosea, na tofauti ya hayo mawili ilimgharimu mtu mwingine.

Kilichonifanya niseme ni karatasi. Mwezi wa tano Mwanaisha alikuja siku isiyo yake, na wifi yake, Khadija, mwenye mimba ya miezi minane. Khadija alikuwa ameombwa na utafiti, akakataa. Mamake, yaani mavyaa wa Mwanaisha, alikuwa amewaambia wote nyumbani kwamba hospitali ni watu wa kuchukua. Mwanaisha ndiye aliyembembeleza. Alimleta aone mwenyewe.

Tukaenda nyuma ya dobi, watatu. Mrehani ulikuwa umefika magotini. Mwanaisha alichuma jani, akalisugua, akampa wifi yake anuse.

"Waona?" alimwambia. "Wamemtunza. Na kitambaa walimtilia, kipya. Watilie sahihi, usiogope."

Khadija alinusa lile jani, akanitazama, akanyoosha mkono achukue fomu. Nilikuwa nimeishika mimi, na kalamu juu yake. Sikumpa. Nilisikia kinywa changu kikisema kwamba hapa hapana kitu.

Hawakuelewa. Ikabidi niseme tena, na mara hii kwa utaratibu: kwamba ndoo zilikuwa mbili, kwamba mimi ndiye niliyebandua majina, kwamba sikujua ipi ni ipi, kwamba niliziteketeza zote mbili siku moja baada ya mtoto kuzikwa, kwamba hakuna mwanamke aliyeosha wala aliyezika.

Mwanaisha hakulia. Aliutazama ule udongo.

"Na kitambaa?" aliuliza.

"Hapakuwa na kitambaa."

"Sasa kitambaa ulikitia cha nini? Mimi sikukuuliza kama ni kipya. Wewe ndiye uliyesema kipya."

Nilisema nilitaka apate faraja kamili.

"Ungeniambia siku ile, ningelilia siku ile," alisema. "Nilikuwa nalia tayari. Sasa wataka nianze tena."

Khadija alimshika mkono wakaondoka. Fomu ile ninayo, haina sahihi.

Nilikwenda kwa daktari jioni hiyo na mlangoni sikusema nimekuja kuangalia saa. Alisikiliza, akasimamisha kupokea kondo mpaka utaratibu ubadilishwe. Ndiyo maana leo nyinyi jina hulibandika mkunga, mbele ya mama, kabla ndoo haijatoka chumba cha upasuaji, na utepe wa mkono wa mama hulinganishwa nalo. Ndiyo maana kuna daftari la ndugu kutia sahihi wanapopokea. Daktari alitaka kwenda kuomba radhi Majengo kwa niaba ya utafiti, na alikwenda, lakini baadaye. Wa kwanza nilikwenda mimi, kwa sababu niliitwa. Mwanaisha alimpigia Bi Zuhura simu, akasema yule dada aje Jumamosi asubuhi, aje peke yake, ayaseme yale maneno mbele ya mavyaa wake.

Nilikwenda. Nyumba ilikuwa kwenye kichochoro cha pili nyuma ya msikiti, mlango wazi. Nilipewa mkeka. Mavyaa wake alikuwa mwanamke mwembamba, ana miwani iliyofungwa kwa uzi, anachambua mchele kwenye ungo. Mwanaisha alikaa karibu na mlango wa uani. Khadija na jirani mmoja walikuwa pale pia. Nilisema shikamoo, nikaitikiwa, kisha hakuna aliyenisaidia kuanza.

Nilikuwa nimeandika nitakachosema kwenye karatasi. Niliiacha mfukoni. Nikayasema kama yalivyokuja, yakatoka vibaya, nikarudia mengine, nikasahau kuhusu daktari, nikarudi nyuma. Yule mama hakuacha kuchambua mchele. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Wewe una mtoto?"

"Sina, mama."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Akaweka ungo chini, akasimama kwa kushika goti, akatoka uani, na Mwanaisha akaniashiria nifuate.

Kwenye pembe, kati ya ukuta na pipa la maji, palikuwa na kipande cha bati kimewekewa mawe mawili juu. Yule mama aliyaondoa mawe kwa mguu, akaliinua bati. Chini yake palikuwa na shimo, kina chake kama mkono mpaka kwenye kiwiko, kuta zake zimekatwa vizuri. Udongo uliotoka ulikuwa umerundikwa pembeni, umeshika na kukauka kwa mvua na jua la miezi mitano.

"Nililichimba asubuhi walipomwingiza kwa upasuaji," alisema. "Nikangoja ndoo. Halafu huyu akaja na habari kwamba mmezika kule. Nikataka kulifukia. Akanikataza. Akasema siku moja atachota mchanga wa kule hospitali, hata konzi moja, aulete tuutie humu, iwe kama amerudi nyumbani."

Kuku wa jirani alipita kando ya shimo, Khadija akamfukuza.

Mwanaisha alichukua kijembe kilichoegemezwa ukutani. Nilidhani atalifukia mwenyewe. Akanigeuzia mpini.

"Lifukie wewe."

Nilipiga magoti. Udongo ulikuwa mgumu, ikabidi niuvunje kwanza kwa ubapa, halafu nikausukuma ndani. Ulianguka kwa sauti kavu. Hakuna aliyesoma kitu, kwa kuwa hapakuwa na cha kusomewa, na hilo nililisikia kuliko kama wangenitukana. Lilipojaa niliushindilia. Kisha nikaweka kijembe chini nikaanza kuusawazisha kwa viganja. Niliokota vijiwe, nikavitia kwenye kitanga cha mkono. Niliondoa kipande cha chupa. Palikuwa na tuta dogo upande wa pipa, nikalisawazisha, likahamia upande wa ukuta, nikalifuata huko, nikarudi. Sijui nilikaa pale kwa muda gani. Niliona tu kwamba bado hapajakaa sawa.

Mwanaisha alichutama mbele yangu. Hakuwahi kuniita kwa jina kabla ya siku hiyo. Alinishika kifundo cha mkono, si kwa upole wala kwa nguvu, akakiondoa kwenye udongo.

"Basi, Kadzo," alisema. "Yatosha."